Kwa Nini Tulisimama Nyungwe na Jeneza la Mapendo

Tangu tumzike dada yangu, hakuna siku iliyopita hapa Kamembe bila mtu kuniuliza. Wengine huuliza kwa upole, wakiwa wamekuja kunipa pole na chupa ya mutobe, juisi yetu ya ndizi. Wengine huuliza kwa kuzunguka: "Kumbe breki zilikuwa zimerudi?" Na wapo wasiouliza kabisa, ila nimesikia wanachosema, kwamba fundi alimchelewesha maiti wa kwao mwenyewe. Nimeona niandike safari yote mara moja. Sina hasira na yeyote. Someni polepole, mtaelewa, na huenda siku moja itawafaa barabarani.

Kwa wale wasiotufahamu: mimi ni fundi wa magurudumu na breki. Kazi nilijifunzia Bukavu, tulikozaliwa, watoto wa wakimbizi Wanyarwanda. Vita vya kwanza vya Kongo vilipoanza, mimi na mama tulivuka mto tukaingia katika nchi tuliyokuwa tukiisikia midomoni mwa wazee tu. Mama akapata shamba Nzahaha. Dada yangu Mapendo, ambaye tulimwita yaya kwa sababu ndiye mkubwa, alibaki na mumewe. Vita vya pili vikamsukuma hadi Uvira, kutoka Uvira hadi Burundi, na mwisho akafika hospitali ya Butare, mjane na mgonjwa sana. Mama alikuwa hajamwona kwa miaka mitano. Miguu yake haimudu safari. Kila nilipokwenda Butare alinipa ujumbe ule ule: "Umwambie apone, akuje mwenyewe."

Hakupona.

Butare, asubuhi

Muuguzi aliyenikabidhi mwili alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alinivuta pembeni. "Amekaa siku tatu, na hapa hatuna baridi ya kutosha. Mkifika kabla ya saa nane mchana, mama yake atamwona. Saa nane ikipita, msifungue. Asimkumbuke hivyo."

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Butare hadi Nzahaha, kwa barabara za siku zile, ni saa sita. Tulikuwa na saa mbili za akiba.

Kamyoneti tuliyokodi, gari dogo la mizigo, iliendeshwa na Papa Anasitazi, mwanamume wa makamo aliyewahi kuendesha malori Kivu kote, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Nyuma, kuzunguka jeneza, walikaa wanawake wanane wa kwaya ya parokia yetu, waliokuja nami kutoka Kamembe. Mbele tulikaa dereva, mimi, na katikati yetu shangazi yangu Verediana, dada wa marehemu baba. Sisi humwita masenge, na neno lake katika mambo ya msiba halipingwi.

Nilipokuwa nikilizunguka gari niliona kitu. Kwenye gurudumu la mbele la kulia kulikuwa na michirizi ya grisi, imeruka kutoka katikati kwenda ukingoni kama miale ya jua mtoto anapolichora. Grisi kazi yake iko ndani: inazilainisha rulema, zile gololi za chuma ambazo gurudumu linazungukia. Ukiiona nje, basi ama kizuizi chake kimechoka, ama ndani kumepata moto hadi ikayeyuka. Siku nyingine yoyote ningepiga magoti nichunguze.

Lakini kwetu mwenye maiti hagusi chuma mpaka maiti azikwe. Hagusi jembe, hagusi panga, hagusi spana. Masenge aliniona nimeinama, akaniita kwa jina: "Deo. Leo weye si fundi."

Ni kweli ningeweza kumwambia dereva achunguze yeye. Mdomo si chuma. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nahesabu saa, na mtu anayehesabu saa huona kila ugonjwa wa gari kuwa mdogo. Kosa hilo ni langu, na ndilo la kwanza ninalowaomba msilirudie.

Gikongoro

Kabla ya mji tulisimamishwa na askari. Nyakati zile vitu vingi vilipita barabarani vikiwa vimefichwa ndani ya vitu vingine, na askari alitaka jeneza lifunguliwe. Masenge alishuka. Ni mwanamke mfupi, lakini siku ile alionekana mrefu.

"Mwanangu, uko na mama?"

"Niko naye."

"Huyu naye iko na mama, anamungoja Nzahaha. Wa kwanza kumuona atakuwa mama yake. Kama unataka kuwa wa kwanza, piga miye risasi kwanza."

Askari alimtazama, akawatazama wanawake wa kwaya, akavua kofia yake. Hata hivyo mkubwa wake alipaswa kuitwa, akawa anakunywa chai, na chai yake ilikuwa ndefu. Tulipoteza karibu nusu saa. Dafroza, mwimbaji mwenye sauti nene kuliko wote, alinunua maandazi ya moto akatugawia kupitia dirishani. Papa Anasitazi alikula manne.

"Shofere anakulaka kwa niaba ya gari," alisema. Hata masenge alicheka kidogo, halafu akajifuta macho.

Kupanda Kitabi

Baada ya Gikongoro kwaya ilianza kuimba na haikunyamaza tena. Ndiyo desturi: maiti anayerudi nyumbani hasafirishwi kimya kimya, asije akadhani hakuna anayefurahi kumpokea. Waliimba kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, na wimbo mmoja wa Kimashi ambao yaya aliupenda alipokuwa msichana. Nililia na sikuona haya.

Chini ya wimbo ule nikasikia mwingine. Sauti nzito, ya mngurumo, kama mtu anasaga mahindi chumba cha pili. Tulipokata kona ya kushoto, uzito wa gari ukalalia upande wa kulia na mngurumo ukakua. Kona ya kulia, ukapungua. Gari likienda kasi, nao unakwenda kasi. Likumbukeni hilo: kelele ya injini hufuata gia, kelele ya gurudumu hufuata mwendo na kona. Ukitaka kuijua, zima redio, nyamazisha watu, usikilize.

Sikuweza kuwanyamazisha. Ningewaambiaje watu wanaomwimbia dada yangu wanyamaze ili nisikilize gurudumu?

"Papa Anasitazi, unasikia?"

"Ninasikia banaimba muzuri."

"Chini yake."

Aliinamisha kichwa. "Ni barabara tu, fundi. Mawe."

Kitabi, kwenye mashamba ya chai, ikaja harufu. Masenge alifunga pua na kitambaa, akasema ni watu wanachoma makaa ukingoni mwa msitu. Kweli watu huchoma makaa kule. Lakini makaa hunukia mti, na ile ilikuwa harufu ya mafuta yaliyoungua, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Tena tulikuwa tunapanda. Mtu akishuka mlima mrefu, breki zinaweza kunuka kwa kukanyagwa sana. Mtu anayepanda hakanyagi breki. Basi kinachoungua ni nini?

Hapo nilifumbua kinywa nikasema, "Tusimame." Masenge aliitazama saa mkononi mwangu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akasema, "Mbele. Tukifika Gisakura, ng'ambo ya msitu, utasimama." Nami nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali.

Ndani ya Nyungwe

Msitu ule una baridi, na ukungu wake hukaa kwenye miti hadi mchana. Tulipanda hadi juu kabisa, halafu barabara ikaanza kushuka. Kona ya tatu nikauona mguu wa Papa Anasitazi ukizama. Akakanyaga tena, mara mbili, mara tatu, haraka haraka. Pedali ilishuka hadi sakafuni kama mguu unaoingia kwenye tope.

Hakupiga kelele. Nitamheshimu kwa hilo siku zote. Alirudisha gia ya pili, injini ikalia, akarudisha ya kwanza, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, siyo kwa ghafla, na akalipeleka gari upande wa mlima, ubavu ukakwaruza udongo mpaka likakwama. Upande wa pili hapakuwa na kitu, ila vilele vya miti chini yetu.

Kwaya ilikatika katikati ya neno.

Kisha Dafroza akauliza kutoka nyuma, "Papa shofere, tumefika?" na wote wakacheka kile kicheko kinachokaribia kilio.

Moshi mwembamba ulitoka kwenye gurudumu la kulia. Nilimwambia dereva asimwage maji, chuma cha moto kikipata maji baridi hupasuka. Asubiri, kisha asogeze mgongo wa mkono, siyo kiganja, karibu na kitovu cha kila gurudumu. Matatu yalikuwa ya vuguvugu tu. La nne hakuweza hata kulikaribia.

Nilimfafanulia, na ninawafafanulia nanyi. Rulema zikikosa grisi, chuma husugua chuma, na moto wake hupita hadi kwenye mafuta ya breki yakachemka. Mafuta yaliyochemka hujaa mapovu, na povu halisukumi kitu. Ndiyo maana mguu unazama. Ugonjwa mmoja, dalili nne: michirizi, mngurumo, harufu, pedali laini. Zilikuja kwa mpangilio, kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi mara tatu kabla ya kusukuma mlango.

Breki zinarudi

Saa tano na nusu Papa Anasitazi aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Fundi! Pedali imerudi! Kuja uone, iko nguvu sawa jiwe!"

Wanawake walipiga vigelegele. Masenge aliinua mikono. "Mungu njo ametuhurumia. Bapande, twende. Saa nane tutakuwa kwa mama."

Alikuwa amehesabu sawasawa. Saa mbili na nusu zilibaki, na njia iliyobaki ilikuwa ya saa mbili na nusu.

Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kupanda gari lile. Lakini najua kwa nini pedali hurudi. Mafuta yakipoa, mapovu huisha, mguu unapata kitu cha kukanyaga. Gari halijapona, limepumzika tu. Mteremko mwingine, moto mwingine, na mara hiyo tatizo haliishii kwenye pedali.

"Papa Anasitazi," nilisema, "inua upande huu na jeki. Halafu kamata gurudumu, mkono moja juu, moja chini. Sukuma na huu, vuta na ule."

"Leo uko bosi, fundi. Unafanya kazi na mudomo."

Akakamata, akasukuma. Gurudumu likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Gurudumu zima halichezi hivyo hata kidogo. Mkono ukihisi mgongano, ndani kumekwisha. Uso wake ukabadilika. Akarudia, akitumaini jibu jingine. Kisha akaondoa mikono taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.

Masenge alisimama mbele yangu. "Deo. Saa nane ikipita, mama yako hatamuona. Unasikia?"

"Ninasikia, masenge."

"Sema bote basikie."

"Tukingoja hapa, mama hatamuona yaya."

"Na tukienda?"

"Tukienda, toka hapa mpaka Gisakura ni kushuka. Gurudumu likifika hapa halipigi hodi tena. Linatoka."

"Litatoka, ao linaweza kutoka?"

Aliuliza vizuri. "Linaweza," nilisema.

"Basi hata kufika tunaweza."

Kutoka nyuma ya gari sauti ya mwanamke mmoja ikasema polepole, "Na miye niko na mama." Sikuona ni nani, na sikuuliza baadaye.

"Hatuendi," nilisema.

Masenge alikwenda akakaa ukingoni mwa mtaro, amenipa mgongo. Alikaa hivyo mpaka miguu yake ikaloa umande.

Siku tano baadaye nilirudi pale na rulema mpya. Ile ya zamani ilitoka mkononi mwangu vipande vitatu, rangi ya buluu kwa moto. Je, ingetufikisha? Nimefanya kazi hii miaka ishirini, na sijui.

Lori la Ramazani

Saa saba lilikuja lori la marobota ya nguo na magunia ya chumvi, linatoka Kigali. Dereva wake, Mzee Ramazani, ni Mwislamu wa Kamembe. Wengi wenu mnamfahamu kwa sura. Alipoona jeneza alisimama bila kuambiwa, akashuka, akasema maneno yao ya msiba, kisha akatupa pole mmoja mmoja. Akaenda kwenye gurudumu, akalitikisa mwenyewe.

"Nani alikatala mutembee na hii?"

"Ni miye."

Alitaka kusema neno la kunisifu, nililiona linakuja. Akaniangalia usoni, akalimeza. Akasema tu, "Tusaidiane kumupandisha."

Tulipanga marobota pembeni tukamlaza yaya katikati, laini kuliko pale alipokuwa. Kabla ya kuondoka Ramazani alifungua kifuniko cha chakula chake, ubugari, ugali wa muhogo, na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, akatulazimisha kula. "Mwenye njaa anaharakisha," alisema. Papa Anasitazi alibaki kulinda kamyoneti, na sehemu kubwa ya sambaza ilibaki naye.

Lori lilishuka kwa gia ya kwanza, zito na la polepole, injini ndiyo iliyolishika. Saa nane ilitukuta Gisakura, katikati ya chai ya kijani, jua limetoka. Ramazani alikuwa amesimama, anazunguka magurudumu yake yote akisogeza mgongo wa mkono kwenye kila kitovu. Hufanya hivyo mwisho wa kila mteremko. Inachukua muda wa kunywa kikombe cha maji. Nyuma yake alikuwa Dafroza, anajaribu na yeye. "Hili ni la baridi. Hili pia." Masenge aliutazama mkono wangu wenye saa, akaifunika kwa kiganja chake. Kiganja kilikaa hapo mpaka tulipopita Ntendezi.

Nzahaha

Ramazani alishusha mzigo wake Kamembe siku iliyofuata tu. Siku ile alipita mji bila kusimama, akapita Nyakarenzo, hadi kule chini kwenye joto. Tulifika saa kumi na moja. Kadiri tulivyoshuka, wanawake waliokaa juu na jeneza walianza kujua, kwa pua, kwamba muuguzi alisema kweli. Hawakuacha kuimba.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka, ameoga, amevaa kitenge chake kizuri. Mbele yake walikuwa wameweka benchi mbili za kulipokea jeneza. Tulipoliweka, alisogea kwa magoti, akashika ukingo wa kifuniko.

"Bafungue."

Masenge, ambaye hakuwahi kukosa neno, alitazama chini.

Nilipiga magoti karibu na mama. Nilisema, "Mama, saa imepita. Hatufungui. Ni miye nilisimamisha gari."

"Juu ya nini ulisimamisha?"

"Gurudumu."

Kisha akasema, "Unifasirie. Pole pole, vile unafasiriaka bashofere."

Basi mbele ya watu wote wa msiba nilimweleza mama yangu habari za rulema. Nilimweleza grisi, mngurumo chini ya nyimbo, harufu, pedali iliyozama, pedali iliyorudi, na kwa nini kurudi kwake hakukuwa kupona. Nilimweleza pia kwamba niliona dalili ya kwanza Butare na nikanyamaza. Aliuliza maswali mawili, mazuri, ambayo hata wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza. Halafu akauliza la tatu.

"Kama mungeenda?"

"Pengine tungefika, mama."

"Pengine," alirudia.

Alilaza shavu lake juu ya kifuniko akakaa hapo muda mrefu, akimwambia yaya maneno ambayo hayakuwa yetu kuyasikia. Alipoinuka, macho yalikuwa makavu. Akaniuliza, "Banani balikuwa ndani ya ile gari?"

Nikawaita. Wanawake wanane wa kwaya walisogea, wamejaa vumbi la safari, na masenge akasimama mwisho wao. Mama alimshika bega jirani ili asimame, akaenda kwa wa kwanza, akaushika uso wake kwa mikono miwili, akautazama. Alitazama paji, macho, kidevu, kama mtu anayejifunza. Akaenda kwa wa pili. Dafroza alianza kulia mikononi mwake. Mama akamfuta machozi kwa vidole gumba ili aendelee kumwona vizuri. Hakuruka hata mmoja. Jua lilikuwa linakwenda Kongo.

Alipofika kwangu nilifumba macho, kwa aibu.

"Fumbua," alisema.

Nikafumbua. Alinitazama muda mrefu kuliko wote.